Ushahidi Usio na Shahidi



Wahenga walisema kwamba penye wengi hapaharibiki jambo. Kauli hiyo ilizaliwa barazani, mahali ambapo kila asemaye anajulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa kazi yake, na ambapo neno la uongo hujibiwa kabla msemaji hajaketi. Wingi wa watu pale ni nguvu kwa sababu kila mmoja wao anawajibika kwa alilolisema. Siku hizi limezuka baraza jingine, kubwa kupita yote yaliyopata kuwako, ambalo wasemaji wake hawaonani, hawajulikani wala hawaulizwi. Baraza hilo ni intaneti, na miongoni mwa kazi zilizoachwa mikononi mwake ni kazi ya kuupa muziki wa dunia majina. Hapana budi kuuliza kama kauli ya wahenga inasimama hata huko.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo, la vijana wenye simu na saa za kupoteza. Lakini muziki ni sehemu ya kumbukumbu ya taifa, na taifa lisiloshika majina ya vitu vyake hushikiwa na wengine.

KIBANDIKO NA KAZI YAKE

Katika duka la santuri la zamani, mwenye duka ndiye aliyepanga. Taarabu ilikaa rafu hii, dansi rafu ile, kwaya kule pembeni. Akikosea, mnunuzi alimwambia, naye alisahihisha. Katika intaneti hakuna rafu. Kila wimbo hubandikwa maneno mafupi yanayoeleza aina ya muziki, nchi ulikotoka, ala zilizopigwa, au hali ya moyo wa anayeusikiliza. Maneno hayo, ambayo katika mazungumzo haya yataitwa vibandiko, huandikwa na wasikilizaji wenyewe, yeyote kati yao, bila mtihani na bila kiapo. Kisha kompyuta hujumlisha, na neno lililoandikwa na wengi ndilo linalotangulia. Kwa anayetafuta wimbo, na kwa kompyuta inayompendekezea wimbo mwingine, maneno hayo ndiyo rafu.

Kituo kimojawapo kilichoupa utaratibu huu umaarufu ni Last.fm, kilichoanzishwa London mwaka 2002. Matumaini yaliyoandamana nao yalikuwa makubwa. Ilidhaniwa kwamba umma sasa utapanga maarifa yake wenyewe, bila kungoja idhini ya wakubwa wa maktaba na wenye makampuni ya santuri. Ni mpenda umma gani asingeyafurahia matumaini hayo?

Yaliyotokea yana mafunzo. Paris Hilton, Mmarekani ambaye albamu yake ya mwaka 2006 ni ya nyimbo nyepesi za kuchezea, alijikuta katika Last.fm amebandikwa jina la deth metali ya kikatili, yaani muziki wa magitaa mazito na sauti za mngurumo. Walioandika hivyo walikuwa na masikio mazima. Walikuwa wakifanya mzaha, nao walikuwa wengi kiasi cha kuupa mzaha wao uzito wa kura. Mtafiti Paul Lamere aliueleza mkasa huo mwaka 2008 katika makala yake kuhusu vibandiko vya muziki. Kompyuta haijui mzaha, huhesabu tu.

MAKOSA YA NIA NJEMA

Hata hivyo, mzaha ni adui mwepesi, kwani huonekana. Hatari kubwa imo katika vibandiko vilivyoandikwa kwa nia njema.

Kwanza, vingi havisemi lolote kuhusu muziki. Miongoni mwa vibandiko vilivyotumika sana katika Last.fm kimo kimoja ambacho maana yake ni kwamba mwandikaji amewahi kuiona bendi hiyo jukwaani, na kingine kwamba anayo albamu yake nyumbani. Hizo ni kumbukumbu za mtu binafsi, kama alama anayoitia mkulima kwenye gunia lake ghalani. Alama hiyo yamfaa yeye. Haimwambii jirani kama ndani mna mahindi au mtama.

Pili, kuna tahajia. Mmoja huandika hip hop, mwingine hip-hop, wa tatu huyaunganisha maneno yote mawili. Mmoja huandika taarab, mwingine taarabu. Mmoja rumba, mwingine rhumba. Kompyuta isiyofundishwa huyaona hayo kuwa mambo mbalimbali, na kura za kitu kimoja hugawanyika kama kura za ndugu waliogombea kiti kimoja.

Tatu, kuna majina ya wanamuziki wenyewe. Last.fm ilijengwa ili kumtambua mwanamuziki kwa maandishi ya jina lake. Kulikuwa na bendi iitwayo Nirvana huko London katika miaka ya 1960, na nyingine yenye jina hilohilo iliyoanzishwa katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1987. Bendi mbili zisizo na undugu zimelazwa kitanda kimoja, na vibandiko vya ile yenye mashabiki wengi huifunika nyingine. Kinyume chake pia hutokea. Bendi ya wafanyakazi wa Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1964 iliitwa NUTA Jazz. Chama cha wafanyakazi kilipobadili jina, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Kwa Mtanzania hiyo ni bendi moja yenye historia moja. Kwa kompyuta isiyoambiwa, hizo ni bendi nne, kila moja na kipande chake cha sifa.

Nne, na hili ndilo kubwa, kuna idadi ya mashahidi. Mwanamuziki mashuhuri wa Ulaya hupata maelfu ya vibandiko, na makosa ya wachache humezwa na usahihi wa wengi. Kikundi cha taarabu cha Tanga cha miaka ya 1960 kinaweza kuwa na wasikilizaji wachache mno katika kituo hicho, na huenda ni mmoja tu kati yao atakayejali kuandika. Akiandika kwamba huo ni muziki wa Kiarabu, kwa kuwa amesikia udi na fidla, basi hiyo ndiyo hukumu, kwa kura moja dhidi ya sifuri. Wale wengi waliotajwa na wahenga hapo hawapo kabisa. Kwa hiyo utaratibu unaosifiwa kuwa sauti ya umma humtumikia vizuri aliyekwisha kujulikana, na humwacha mnyonge mikononi mwa mpita njia.

JAZZ ISIYO JAZZ

Mfano ulio karibu zaidi na nyumbani ni neno jazz lenyewe. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Miaka iliyofuata ilileta Western Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga na nyingine nyingi. Huko Kongo, Franco Luambo aliongoza O.K. Jazz hadi alipofariki mwaka 1989. Nchini Kenya, Shirati Jazz ilijipatia sifa kwa benga. Katika nchi hizi neno jazz lilikuja kumaanisha bendi ya kisasa ya dansi, yenye magitaa na ala za kupuliza, tofauti na ngoma za kijijini. Muziki uliopigwa katika siku za sifa za bendi hizo ulikuwa rumba, chacha, benga, na midundo ya ngoma za nyumbani iliyohamishiwa kwenye nyuzi za gitaa. Mtu wa New Orleans asingeuita jazz.

Sasa apewe msikilizaji wa Oslo au wa Osaka wimbo wa Morogoro Jazz. Kiswahili hakijui. Anasoma jina la bendi, anaandika jazz, anaendelea na shughuli zake. Hakudanganya, amenakili kilichoandikwa. Baada ya hapo kompyuta itampelekea Mbaraka Mwinshehe mtu anayetaka saksofoni za Marekani, ambaye atauzima wimbo kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Na yule anayetafuta magitaa ya Afrika Mashariki, ambaye angeusikiliza mpaka mwisho na kuutafuta mwingine, hataonyeshwa. Hivyo ndivyo wimbo unavyopotea siku hizi. Haufutwi wala hauchomwi moto. Huwekwa tu mahali ambapo anayeutaka hatapita.

Ajabu ni kwamba bendi za Tanzania zilikuwa na utaratibu wao wa kujitambulisha, ulioitwa mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso. NUTA walikuwa na Msondo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ikajulikana kwa Sikinde. Msondo na Sikinde ni majina yaliyochukuliwa kutoka katika ngoma za watu wa pwani. Mtindo ulitangazwa na bendi yenyewe, ukasikika redioni, ukapimwa na wachezaji ukumbini Jumamosi hadi Jumamosi. Bendi iliyojitapa kwa mtindo isiouweza iliaibika mbele ya watu. Huo nao ulikuwa uainishaji wa umma, lakini umma wenye uso na jina.

ORODHA ZA WENGINE

Itasemwa kwamba dawa ni kuwaachia kazi hii mafundi na wenye makampuni. Historia haikubaliani na rai hiyo.

Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za santuri walikutana katika baa moja mjini London, wakakubaliana kutumia jina la muziki wa dunia kwa ajili ya rafu za maduka yao. Taarabu ya Unguja, ngoma za Senegali na nyimbo za Bulgaria zikalala rafu moja, kwa sababu moja tu: hazikutoka kwao.

Mwaka 1996 ulibuniwa utaratibu wa kuandika maelezo ndani ya faili la muziki, ujulikanao kwa jina la ID3. Ulitoa nafasi ya herufi 30 kwa jina la mwanamuziki, na namba moja ya kuchagulia aina ya muziki katika orodha ya aina 80. Katika orodha hiyo polka ya Ulaya ilipewa namba yake, 75. Taarabu haikuwamo, wala rumba, wala benga. Muziki wa namna hiyo uliachiwa namba 48 na namba 72, ambazo zote mbili zina maana ya muziki wa makabila. Namba sifuri ilikuwa blues, kwa hiyo faili ambalo programu iliacha sifuri katika nafasi hiyo lilijitangaza kuwa blues, hata kama ni kwaya ya kanisani. Na mtu aliyetaka kuandika Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band aliishiwa na herufi baada ya neno Morogoro. Bendi nzima ilikatwa kwa kuwa fundi aliyepima nafasi hakuwafikiria watu wenye majina marefu na desturi ya kumtaja kiongozi pamoja na wenzake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990 wapenzi wa muziki walijenga kwa hiari yao hazina iitwayo CDDB, kila mmoja akichapa majina ya nyimbo zilizomo katika diski zake ili mwenzake asirudie kazi hiyo. Mafungu ya kupangia muziki wa dunia nzima yalikuwa 11 tu, na diski ilitambuliwa kwa urefu wa nyimbo zake, haikusikilizwa. Kazi hiyo ya kujitolea iligeuka kuwa mali ya kampuni, ambayo kuanzia mwaka 2000 iliitwa Gracenote, na mwaka 2008 Sony ya Japani iliinunua kwa dola za Marekani zipatazo milioni 260. Last.fm nayo ilinunuliwa na CBS ya Marekani mwaka 2007 kwa dola milioni 280. Jasho lilikuwa la wengi. Hundi ilikuwa ya wachache.

Wala wasomi hawajasalimika. George Tzanetakis alikusanya vipande 1,000 vya muziki katika mafungu 10, vilivyotumika katika utafiti alioutangaza mwaka 2002 pamoja na Perry Cook. Vipande hivyo vilitumika kwa miaka mingi katika tafiti za wengine kuipima kompyuta kama inaweza kutambua aina za muziki. Bob Sturm alipovichunguza upya miaka kumi baadaye, alikuta vilivyorudiwa na vilivyowekwa katika fungu lisilo lao. Lakini hapa pana tofauti ya kuzingatiwa. Makosa hayo yaligunduliwa na kutangazwa kwa sababu mkusanyaji alijulikana, vipande vilijulikana, na kila dai liliweza kurudiwa kupimwa. Kosa lenye mwenyewe hurekebishika. Kosa lisilo na mwenyewe huzeeka likaitwa ukweli.

KOSA LINALOFUNDISHWA

Mtu aweza kudai kwamba kibandiko kibaya kinamdhuru msikilizaji mmoja kwa jioni moja. Ingekuwa hivyo, mazungumzo haya yasingekuwa na haja. Mwaka 2011 kampuni ya Echo Nest na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa hazina ya maelezo ya nyimbo milioni moja kwa ajili ya utafiti, na vibandiko vya Last.fm viliunganishwa nayo. Kompyuta hufundishwa kwa hazina za namna hiyo. Huonyeshwa wimbo na kibandiko chake, hujifunza kufananisha, kisha huenda kuzibandika nyimbo nyingine ambazo hakuna binadamu aliyezigusa. Kosa la mpita njia wa jana huwa kitabu cha kiada cha mashine ya leo, na mashine hiyo hulirudia mara nyingi bila kuchoka na bila kuona haya.

Fikirini, ndugu wananchi, kijana wa Morogoro aliyezaliwa baada ya mwaka 2000. Muziki wa babu yake hakuukuta kwenye santuri. Anautafuta katika simu. Akiambiwa na mashine kwamba Morogoro Jazz ni jazz ya Marekani isiyofanikiwa sana, na kwamba taarabu ni tawi la muziki wa mahali pengine, nani atamsahihisha? Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, na hivyo kuipa lugha hii nafasi katika santuri. Itakuwa fedheha kama karne moja baadaye lugha hiyo itakosa neno lake katika orodha ya aina za muziki.

SHAHIDI AJITOKEZE

Haifai, hata hivyo, kuutupa umma pamoja na vibandiko vyake. Wasikilizaji wengi wanajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Kinachohitajika ni utaratibu, na mfano upo. MusicBrainz, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kuendeshwa kwa misingi isiyo ya faida, hujengwa na watu wa kujitolea vilevile. Lakini kila badiliko hubaki na kumbukumbu ya mwanachama aliyelifanya, wengine huweza kulihoji na kulipigia kura, na maelezo ya msingi ni mali ya umma ambayo hakuna kampuni inayoweza kuyafungia sandukuni. Hilo linakaribia baraza la wahenga kuliko mengi yaliyotajwa.

Kwa hiyo mambo mawili yatenganishwe. Kuna ladha: wimbo unafurahisha, unahuzunisha, unafaa harusini. Hapo kila mtu na aandike apendavyo, maana akili ni nywele. Na kuna ukweli: nani alitunga, nani aliimba, bendi gani ilipiga, mwaka gani, mji gani, kwa ala zipi, katika mtindo uliotangazwa na nani. Huo hauamuliwi kwa kura ya watu wasioonekana. Huo hutaka shahidi.

Na mashahidi wanaondoka. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979. Bi Kidude alifariki mwaka 2013, Muhidin Gurumo, sauti ya NUTA na ya Sikinde, mwaka 2014, na Shakila Saidi wa taarabu mwaka 2016. Kila mmoja wao aliondoka na majibu ya maswali ambayo sasa yanajibiwa na mtu wa Osaka kwa kubahatisha. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi hizi kwa miaka mingi katika studio zake. Sauti hizo zikiingizwa katika kompyuta pasipo maelezo ya kuaminika, zitakuwa zimeokolewa nusu tu, kama mtoto aliyetolewa mafurikoni na kukabidhiwa kwa watu wasiojua jina lake.

Kazi iliyopo inawezekana, wala haitaki mtambo wa mamilioni. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo na amfuate mpiga gitaa mstaafu, amkalishe na orodha ya nyimbo, aandike wimbo mmoja mmoja. Matawi ya vijana mikoani yafanye hivyo kwa bendi za mikoa yao, maana Tabora wanaijua Tabora Jazz kuliko mtu yeyote. Karatasi hizo ziwe na jina la aliyehojiwa, jina la aliyeandika na tarehe. Pale ambapo wazee wawili wamepingana, mapingano yao yaandikwe yote mawili. Kisha maelezo hayo yapelekwe katika hazina za wazi, kwa Kiswahili, chini ya majina ambayo muziki wenyewe ulijiita: dansi, taarabu, mchiriku, Saboso, Msondo, Sikinde.

Wengi wape, wahenga walisema tena. Wapewe, lakini wajitaje majina, na mwenye ngoma aulizwe kwanza ngoma yake inaitwaje.